Hata Desemba

Hermosillo, mwezi wa saba, saa nane mchana.
Lami imelainika, kuku wa jirani wamejibanza
chini ya lori langu bovu, midomo wazi.
Tsuru nyeupe ikaingia uani inasaga meno.

Niliisikia tangu kwenye kona ya duka la tortiya:
changarawe ndani ya sufuria,
mtu anayetafuna barafu
wakati wewe unasali.

Evaristo Yocupicio akashuka na karatasi mkononi.
Mafundi watatu, hesabu tatu,
zote zimeandika neno moja, kompresa,
na mbele yake sifuri zimefuatana kama mabehewa.
"Imekufa," akasema. "Niuzie iliyotumika."
Sikumjibu. Mgonjwa hazikwi kwa maneno ya jirani.

Nikafungua boneti, joto likanipiga kibao.
Nikachukua bisibisi ndefu ya mpini wa mti
(mume niliyeachana naye hakuniachia kingine cha maana),
ncha kwenye kompresa, mpini kwenye mfupa wa sikio,
nikafumba macho.

"Washa kiyoyozi."
Klachi ikanasa, tak. Mngurumo.
"Zima."
Tak. Mngurumo uleule, umezidi kidogo.

Nusu nikawa nimeijua:
kompresa imeshalala, na kelele ingali macho.
Kuna kitu kinazunguka na injini
kiyoyozi kiwake kisiwake.
Nikauliza nipate nusu ya pili:
"Na wakati wa baridi, mlipokuwa hamkiwashi, ililia?"

Evaristo akatazama tairi. Hakumbuki.
Kutoka kiti cha nyuma, kioo kikiwa nusu,
msichana ambaye sikuwa nimemwona,
miaka kumi na mitano, labda sita,
akasema, "Hata Desemba."

Nikatoa mkanda. Nikaizungusha pulii kwa kidole,
ikakwaruza, ikasita, ikakwaruza,
mchele uliochambuliwa na mvivu.
Beringi. Beringi tu!
Pete ya kuenea kiganjani, grisi yake imekauka.
Gesi sikuigusa. Kompresa yenyewe, nzima kama yai.

Nati ya katikati, kisha sahani ya klachi,
na nyuma yake vibati viwili vyembamba kama kucha;
nikaviweka kwenye kifuniko cha soda visipotee.
Pete ya kuzuia ikafyatuka, ikanipiga kidevuni,
nikaitukana kwa lugha ya bibi yangu.
Kwenye vaisi beringi kuukuu ikatoka inalia,
mpya ikaingia kimya, kidogo kidogo,
nikisukuma ukingo wa nje peke yake.

Sahani ilikuwa imelika. Kati yake na pulii
panatakiwa unene wa karata moja:
pakizidi haishiki, pakipungua inaungua.
Nikapunguza kibati kimoja, pakakaa sawa.

Akawasha. Tak. Hewa ya baridi.
Baada ya hapo, hakuna.
Evaristo akainamisha kichwa, akisubiri kelele yake irudi.
Akanilipa bei ya beringi na ya mchana wangu,
akasahau ile karatasi juu ya benchi.

Hawakufika mbali. Nje ya geti, chini ya mti wa mesikite,
Tsuru ikasimama, vioo juu, injini inanguruma vizuri.
Nikasema, ala, nimekosea wapi?
Nikaenda na bisibisi yangu mkononi.

Msichana alikuwa amehamia kiti cha mbele.
Alikuwa anasema, anasema, mikono inakatakata hewa,
na baba yake ameshika usukani kwa mikono miwili
kama mtu aliye kwenye mwendo mkali,
macho barabarani, shavu limelowa.
Miaka mingapi walipanda gari hili pamoja
wakimsingizia kompresa?

Nikarudi polepole nisikanyage kokoto.
Kuku walitoka kivulini, jua likashuka ukutani,
bado wapo.
Nikakusanya spana.
Ndani ya kifuniko cha soda kilibaki
kile kibati kimoja nilichokipunguza.